Kutraki angani: kwa nini unahisi umekwenda mbali halafu ukifungua jirani yako yuko palepale

Mmeruka wanne kutoka kwenye ndege, mmeshikana vizuri, kimo kimefika mnaachana ili kila mmoja atraki, yaani ateleze mbele angani aende mbali na wenzake kabla ya kufungua parachuti, unageuka unarudisha mikono nyuma, upepo unapiga kelele masikioni mpaka unahisi umekuwa risasi. Unafungua parachuti, unaangalia kushoto, na mwenzako yuko pale karibu kabisa, rangi ya kofia yake unaiona. Ukamuuliza akiwa chini atakwambia hata yeye alitraki kwa nguvu zote. Wote wawili mnasema kweli kuhusu mlichohisi, tatizo ni kwamba mlichohisi ni kasi ya kwenda chini.

Hilo ndo jambo ambalo nataka tulielewe hapa, maana mimi lilinichukua muda mrefu sana, na nilipolielewa kila kitu cha miguu na mikono na mabega kikaanza kuwa na maana. Masikio hayajui kutofautisha upepo wa kushuka na upepo wa kwenda mbele. Ukichoma kichwa chini kelele inaongezeka, suti inapigapiga, moyo unaenda mbio, na mwili unakwambia hongera unakwenda. Kumbe umeongeza spidi ya kushuka tu, na muda wako wa kutengana na wenzako umeupunguza kwa mkono wako mwenyewe.

Tuweke namba. Mtu aliyelala tumbo chini kwa mkao wa kawaida anashuka kama kilomita 190 mpaka 200 kwa saa, sawa na mita kama 55 kwa sekunde. Mkiachana kwenye mita 1,500 na kufungua kwenye mita 1,000, mna mita 500 za kutumia, yaani sekunde 9 hivi. Toa moja au mbili za kugeuka, toa mbili za kusimamisha mwili na kupunga mikono kabla ya kuvuta, zimebaki tano. Kwenye hizo tano, mwenye wastani wa mita 10 kwa sekunde kwenda mbele anapata mita 50, mwenye mita 20 anapata 100. Sasa fikiria nyote wawili mmefungua na parachuti zenu kwa bahati mbaya zimefunguka zikitazamana, kila moja inakwenda tuseme mita 10 kwa sekunde, mnakaribiana kwa mita 20 kila sekunde. Mkiwa na mita 100 kati yenu una sekunde tano za kushika mikanda na kugeuza. Mkiwa na mita 40 una mbili, na mara nyingi hizo mbili zinaisha bado unaangalia juu kama parachuti imefunguka sawasawa. Ndo maana mimi naona trakingi ni ujuzi wa kuokoa maisha kabla haijawa mchezo, ingawa kama mchezo nayo ni tamu kweli.

Hewa inafanyaje kazi hapa? Mwili wako unapodondoka unakutana na hewa nyingi mno kwa sekunde. Ukiisukuma hewa hiyo chini tu, inakusukuma juu, unapungua spidi basi. Ukiielekeza nyuma, kuelekea miguuni, inakusukuma mbele. Hamna siri nyingine zaidi ya hiyo. Kila kitu utakachoambiwa na kocha kuhusu kidole cha mguu au bega ni njia ya kuifanya hewa zaidi itoke upande wa miguu badala ya kumwagikia pembeni.

Na hapa ndo mgogoro unaanza, maana kitu cha kwanza ulichofundishwa kwenye kuruka ni kinyume. Ulifundishwa upinde, kinena mbele, mikono na miguu juu kidogo, umbo la bakuli lililokaa kitako chini. Mfaransa Léo Valentin ndo anayetajwa sana kwa kuuendeleza mkao huo miaka ya mwisho ya 1940, na ulibadilisha mchezo kwa sababu watu waliacha kuzungukazunguka hovyo hewani. Upinde unakuweka imara kwa sababu uzito uko chini na hewa inateleza sawasawa pande zote, ukiyumba unarudi mwenyewe. Lakini hewa inayoteleza sawasawa pande zote haikupeleki popote. Kutraki ni kuuacha huo uimara kwa makusudi, unaondoa upinde, unatengeneza umbo la bawa, na mwili unaokaa kama bawa unayumba kirahisi zaidi. Kwa hiyo ukiona mwanafunzi anatingishika kushoto kulia usimcheke, amefika sehemu ambayo kila mtu hupitia.

Kuna jambo moja zaidi la hewa ambalo watu wengi hawaambiwi mapema. Upepo unaokupiga haukai sehemu moja. Unapoanza unatoka moja kwa moja chini. Unavyozidi kupata mwendo wa mbele unahama, unaanza kuja kutoka chini-mbele. Watu wenye ujuzi mkubwa wakivaa suti za trakingi zinazojaa hewa wanafika mahali kila mita moja wanayoshuka wanakwenda mbele karibu mita moja, na hapo upepo unawajia kwa mshazari wa nyuzi kama 45. Maana yake ni kwamba umbo zuri la sekunde ya kwanza sio umbo zuri la sekunde ya nne. Ukijikunja kikombe kwa nguvu kabla hujapata mwendo, utaelea tu palepale kama jani. Unahitaji kwanza kuinamisha kichwa kidogo kuliko miguu, kidogo tu, uachie mwendo uje, halafu ndo unaanza kujibana na kuulaza mwili. Anayechoma kichwa chini mwanzo mwisho anakosea, na anayejilaza papo hapo naye anakosea kwa upande mwingine. Kama nikilazimishwa kuchagua kosa la mwanafunzi afadhali la pili, maana huyo angalau hapotezi kimo na wala hamwangukii mtu aliye chini yake.

Sasa mwili wenyewe, na naanza na miguu kwa sababu hapo ndo umbali unatoka. Wengi wakisikia trakingi wanafikiria mikono, wanairudisha nyuma haraka kama ndege za kivita, na miguu wanaiacha ilivyo, magoti yamekunjwa. Magoti yakikunjwa visigino vinakuwa juu mgongoni kwenye hewa iliyovurugika, hewa iliyopita tumboni haipati kitu kirefu cha kuielekeza nyuma, na nguvu yote inaishia pale. Ukinyoosha miguu tu, bila hata kugusa mikono, mwili unaanza kusogea mbele. Jaribu siku moja ukiwa peke yako kwenye kimo cha juu: kaa tumbo chini, mikono ileile, nyosha miguu polepole mpaka mwisho uone. Hilo jaribio dogo linafundisha kuliko maelezo mengi.

Shida ya miguu ni kwamba hisia zinakudanganya. Umetumia miruko yako yote ya mwanzo magoti yakiwa yamekunjwa, ubongo umeshazoea kwamba hiyo ndo kawaida, kwa hiyo ukinyoosha nusu unahisi umenyoosha yote. Nimeangalia video zangu za zamani na ningeapa kwamba magoti yangu yalikuwa yamenyooka, video inaonyesha yamekunjwa kabisa. Dawa niliyoipata ni kuacha kufikiria magoti. Nafikiria vidole vya miguu. Chonga vidole viende nyuma kama mtu anayesimama kwenye ncha za vidole ili afikie kitu kabatini, na kaza misuli ya mbele ya paja. Ukichonga vidole na kukaza paja goti halina pa kwenda, linanyooka lenyewe. Alama nyingine ni upepo kwenye miundi, kama huusikii ukigandamiza mbele ya mguu ujue miguu iko juu mno au imekunjwa.

Upana wa miguu, anza na upana wa mabega. Ukiwa na miruko michache miguu iliyoachana inakupa uimara, baadae utaibana kidogo kidogo uone mwendo unavyobadilika, ila usiibane mpaka vifundo vigusane, utaanza kubiringika. Na miguu yote miwili iwe sawa! Goti moja likikunjwa zaidi ya lingine unaanza kupinda bila kujua, na trakingi iliyopinda ni hatari kuliko trakingi dhaifu, kwa sababu dhaifu inakuacha karibu na ulipoanzia lakini iliyopinda inakupeleka kwenye njia ya jirani yako ambaye anaamini hiyo njia ni yake.

Kiwiliwili: vuta kitovu ndani, kaza makalio, ondoa ule upinde. Sehemu ya nyonga makocha wanabishana, wengine wanataka mwili unyooke kama ubao, wengine wanataka kiuno kikunjwe kidogo ili tumbo na mapaja yatengeneze kikombe kirefu. Msimamo wangu ni kwamba anza na ubao. Kiuno kukunjwa kidogo kunasaidia kweli mtu aliyeshapata mwendo, lakini mwanafunzi akiambiwa akunje kidogo anakunja sana, makalio yanakwenda juu, miguu inaning'inia chini kama breki, anaelea vizuri sana na haendi popote. Ukishaweza kukaa ubao sekunde tano bila kuyumba, hapo ongeza kukunja kiasi cha kubana tumbo tu.

Mabega yasukume mbele na chini, kama mtu anayejikumbatia kwa baridi lakini mikono imebaki pembeni. Kifua kinakuwa na shimo dogo, na hilo shimo linashika hewa ambayo zamani ilikuwa inateleza pembeni ya mbavu. Hii inachosha, misuli ya pale haijazoea, na ndo maana nasema mazoezi ya chini ni muhimu.

Mikono sasa. Inyooke, iachane na mwili nyuzi 30 mpaka 45, viganja vinatazama chini, na iwe chini kidogo ya usawa wa nyonga, unaigandamiza hewa kama mtu anayetaka kujinyanyua kutoka kwenye meza. Kosa linaloonekana kila siku ni mikono kupanda juu ya mgongo. Inapendeza kwenye picha, lakini ukiipandisha hivo sehemu ya mbele ya mwili inapoteza hewa ya kuibeba, mabega yanazama, kichwa kinachoma chini, na tumerudi kulekule kwenye kelele nyingi umbali mdogo. Mimi naiona mikono kama usukani wa kichwa: ukiipanua kidogo kichwa kinapanda na unalala zaidi, ukiibana kichwa kinashuka. Kwa hiyo ukihisi unachoma sana usipige mateke wala kuinua kidevu, panua mikono inchi chache na ugandamize viganja.

Kuhusu kidevu, shingo ikae kawaida, macho ndo yapande kuangalia mbele. Ukiinua kichwa ili uone unakokwenda uti wa mgongo wote unafuata na upinde unarudi bila kukaribishwa. Ila hii isiwe sababu ya kutraki bila kuangalia. Unageuza kichwa kidogo kulia, kidogo kushoto, unachungulia chini ya kwapa, unajua nani yuko wapi. Umbo zuri la mtu asiyeona ni bure kabisa.

Mpangilio wa kuanza ndo unaokula au kuokoa sekunde. Kimo kikifika geuka kwanza, kamilisha kugeuka, simamisha mzunguko, chagua alama kwenye upeo au ardhini mbali mbele yako, wingu lisiwe alama kwa sababu na lenyewe linasogea. Halafu miguu. Halafu mikono. Wanaofanya vyote kwa mpigo wanajikuta wanatraki bado wanazunguka, na wanamaliza wakielekea pembeni ya walipotaka. Mkiwa wawili ni kugeuka nusu mzunguko kila mtu na lake. Mkiwa wengi lenga katikati ya nafasi yako mbali na kitovu cha kundi, na angalia jirani wa kulia na wa kushoto, kama mmoja wao amekosea njia unajirekebisha kidogo kuelekea nafasi iliyo wazi. Kurekebisha ni kushusha bega moja kiasi kidogo mno, yaani unafikiria tu kushusha, ukishusha kweli umezidisha. Na usipite juu ya mtu: aliye chini yako anaweza kufungua wakati wowote, na hewa iliyovurugika juu ya mgongo wake inaweza kukuangusha ghafla juu yake.

Chama cha Marekani cha mchezo huu, USPA, kinashauri kundi la watu 5 au pungufu waanze kuachana angalau futi 1,500 juu ya kimo cha juu kabisa walichopanga kufungulia, na kundi la 6 na kuendelea angalau futi 2,000. Angalia hiyo hesabu inaanza kwa yule anayefungua juu kuliko wote, hata kama wewe unafungua chini. Na ukijua trakingi yako bado dhaifu, sema kabla hamjapanda ndege, ombeni kimo zaidi. Sijawahi kuona kundi la watu wa maana likimkatalia mtu hilo.

Kimo chenyewe kinasumbua ukiwa unatraki, kwa sababu altimita, yaani kipima kimo, iko mkononi na mkono uko nyonga. Ukiuvuta mkono mbele kuangalia, mwili unapinda. Watu wanaweka altimita ya kupiga mlio ndani ya kofia, nzuri sana, lakini betri inaisha na mlio unaweza usisikike kwa kelele, kwa hiyo hesabu sekunde kichwani pia, na angalia altimita pale unapogeuka kabla hujanyoosha mikono. Ukihesabu tano simama, hata kama raha ndo imekolea. Hakuna umbali unaostahili kulipiwa kwa kimo cha kufungulia.

Kusimama ni kupanua mikono mpaka mkao wa kawaida, kukunja magoti, na kusubiri upepo upungue. Utausikia ukipungua, hapo masikio yana kazi nzuri. Kisha punga mikono juu ya kichwa ili aliye juu yako ajue, angalia, vuta. Ukivuta ukiwa bado kwenye mwendo wa trakingi parachuti inafunguka kwa kishindo kinachoweza kukuumiza shingo na mgongo au kuchana kitambaa. Watu wanaogopa kwamba kusimama kunapoteza umbali, lakini mwili hausimami ghafla, unaendelea kuteleza mbele wakati unapungua spidi, kwa hiyo hizo sekunde mbili hazijapotea zote.

Ukiamua kuruka mruko mzima wa kutraki, kuna hatari nyingine ambayo haihusiani na umbo. Ndege inaachia makundi moja baada ya jingine ikiwa kwenye mstari, na wewe ukitraki kufuata huo mstari unakwenda juu ya kundi lililotangulia au chini ya la nyuma yako. Lazima ukate mshazari, mwelekeo wa pembeni na njia ya ndege, na mwambie anayepanga watu mlangoni kwamba unatraki ili akuweke kwenye nafasi inayofaa. Wakati wa kutoka angalia ndege inaelekea wapi kwa macho yako, usikariri ulichoambiwa mkiwa chini, upepo ukibadilika rubani anabadilisha njia.

Mazoezi ya chini nayapenda kwa sababu hayana haraka. Lala kifudifudi, nyosha miguu, chonga vidole, gandamiza viganja sakafuni pembeni ya nyonga, mabega mbele, kaa hivo sekunde thelathini unapumua kawaida. Mtu akupige picha kutoka pembeni. Ukishindwa kupumua ujue umekaza sehemu isiyohitaji kukazwa, mara nyingi ni taya na shingo, na angani hiyo ndo inayoleta kutingishika. Taneli ya upepo ya wima, yaani chumba kama bomba ambamo upepo unapulizwa kwenda juu ukakubeba, haina nafasi ya kukuacha uende mbele lakini inafundisha miguu vizuri mno, nyosha kidogo tu na ukuta unakujia, hapo utajua magoti yako yanafanya nini. Huko Stockholm, Sweden, ilijengwa taneli ya mshazari kwa ajili ya watu wa suti za mabawa, na ukiona walivyoruka mle ndani unaelewa haraka ile habari ya upepo kutoka chini-mbele.

Angani, ruka na mtu mmoja mwenye ujuzi, mpeane kazi moja kwa mruko. Leo magoti tu. Kesho kushika alama tu. Akitraki pembeni yako kwa usawa, yeye ndo kipimo: akibaki juu yako unachoma, akikuacha nyuma mkiwa usawa mmoja miguu yako bado. Kifaa cha GPS kwenye kofia nacho kinasema ukweli, kinakupa spidi ya kushuka na ya mbele kando kando. Mruko wangu niliodhani ni bora kuliko yote, ule wa kelele nyingi, GPS ilionyesha spidi ya mbele ndogo kuliko mruko uliofuata ambao niliuona mtulivu mno mpaka nikadhani nimeharibu. Toka siku ile nikisikia kumetulia ndo naongeza kugandamiza viganja na kuchonga vidole, na nikifungua nageuka kumtafuta mwenzangu, namwona mdogo kule mbali.